Kimya cha Numa Decuir

New Orleans, Ijumaa, 10 Februari 1989

Dada yangu Elodie,

Shikamoo. Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi ni mzima, meno yangu ya mbele yote yapo, na mpiga tarumbeta mwenye meno yake hana haki ya kumlalamikia Mungu. Kanivali imepita salama. Jumatano nilipakwa majivu na paroko mpya, ambaye mkono wake ni mzito, nikashinda na uso wa muuza mkaa. Kwaresima hii mimi nimeacha sukari. Isidore kinyozi ameacha umbea, na tangu auache hatujui nani kafariki mpaka tukutane na jeneza.

Wewe hujambo? Magoti je? Yvette anaendeleaje, na huyo mkweo Gerald? Nilipopiga simu Krismasi ulisema laini mbovu, husikii kitu, ukakata. Ukaniagiza niandike. Basi naandika.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kampuni ya santuri huko New York inataka kuitoa upya santuri yangu. Ile ile ya mwaka 59, niliyorekodi nyuma ya duka la mafriji la mzee Prosper. Bwana mmoja anaitwa Krantz, mwenye sauti ya mtu anayeishi kwa kahawa, ameupata utepe wa awali kwenye ghala. Wana mashine ya kuusafisha mpaka usikie mpiga besi akipumua, kisha wataitoa kwenye hizi santuri mpya ndogo zinazong'aa kama kioo.

Anataka niandike maneno machache ya jaladani, hasa kuhusu "Maombolezo ya Mtaa wa Dumaine", na hasa kuhusu kile kimya. Wewe unakijua: katikati ya wimbo tarumbeta inakatika ghafla, ngoma na besi zinabaki zenyewe, msikilizaji anafikiri labda nimekwenda zangu, halafu narudi taratibu na ile sauti inayowaliza watu. Dada, kimya kile ndicho kilichonipa jina. Profesa wa Denmark amekiandikia kitabu, nacho ni kinene. Wanafunzi wangu pale ukumbi wa parokia wakifika hapo huinamisha vichwa.

Nimeandika haya. Umefundisha shule maisha yako yote, nisahihishie:

"Katika kimya kile roho yangu ilishuka kisimani mwa roho, ikakutana na roho za wazee wetu, na roho ikaiambia roho: ngoja."

Usinionee huruma. Tumia kalamu nyekundu.

Mdogo wako,
Numa

*

Los Angeles, 6 Machi 1989

Numa mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa barua. Magoti yapo, yananiarifu mvua kabla ya redio. Redio yenyewe imeharibika tangu mwaka mpya, sauti inatoka kama imefunikwa blanketi. Gerald anadai ni nzima. Gerald ni mtu wa Texas, anaridhika na vitu vidogo. Miaka kumi na moja amemwoa mwanangu na miaka kumi na moja anakaa mezani kwangu na kofia ya besiboli kichwani, na kila nikimwambia anacheka na kusema, "Sawa, mama mkwe," na kofia haitoki. Paroko wetu naye amezeeka, siku hizi anameza maneno, sijasikia mahubiri kamili tangu Noeli.

Nilipika gumbo Jumapili. Bamia za huku hazina utelezi na kamba hawana ladha. Tulikula kwa ajili ya kumbukumbu.

Sasa maneno yako. Umeandika "roho" mara nyingi kuliko Askofu siku ya Pentekoste. Nimezifuta zote ikabaki "ngoja", na kwa maoni yangu hilo ndilo neno zuri pale.

Lakini nina swali, na unijibu kama mtu mzima. Je, umesahau kwamba mimi nilikuwepo? Mimi ndiye niliyebeba sahani. Ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu Mama hupika maharage mekundu, uwe unarekodi au unazikwa. Alikataa katakata mle mkate wa dukani siku ya maharage, akaifunga sufuria kwa taulo, tukapanda basi nayo kuanzia kwetu, chini kabisa kwenye Wadi ya Tisa, mpaka kwa Prosper. Nilikuwa nimesimama mlangoni nyuma yake.

Sisemi zaidi. Wewe ndiye mwanamuziki. Nauliza tu: ile kofia yako ya kijivu bado unayo?

Dada yako,
Elodie

*

New Orleans, 4 Aprili 1989

Dada Elodie,

Shikamoo. Natumaini Pasaka mmekula vizuri. Huku mvua imenyesha siku ya gwaride, tarumbeta zimejaa maji, na Chama chetu cha Kuzikana kimenunua miavuli mipya ya njano ambayo, ikilowa, rangi yake inahamia kwenye mashati. Tulirudi nyumbani tumeiva kama ndizi.

Sukari nimeirudia.

Dada, nimeaibika. Naandika ili uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa Isidore, maana Kwaresima imekwisha.

Krantz aliniletea kaseti ya muziki uliosafishwa. Nikafikiri: kwa nini niisikilize peke yangu kama mwizi? Nikaita chama kizima pale ukumbini baada ya misa. Nikaita wanafunzi. Paroko akakaa mbele. Mimi nikavaa suti ya mazishi, nikatoa hotuba kuhusu kimya, tena hotuba ndefu, na nisamehe, ile "roho" ilirudi mara kadhaa. Nikawaambia wafumbe macho. Nikabonyeza mashine.

Ulikuwa muziki safi, Dada. Hata mimi nilijipenda. Tukafika mahali penyewe. Tarumbeta ikakatika. Watu wakainamisha vichwa. Na pale ambapo kwenye santuri ya zamani husikika mkwaruzo tu, kitu kama kiti kinasogezwa, ambacho yule profesa wa Denmark alikiita "pumzi ya milele", sauti ya Mama ikajaa ukumbi mzima, kwa Kikrioli chetu, wazi kama yuko jikoni:

"Numa! Kofia ndani ya nyumba ya watu?"

Halafu ikasikika kofia ikivuliwa. Ndiyo, mashine yao inasikia hata hilo. Ikasikika ikiwekwa juu ya piano.

Paroko ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Honoré, mpiga ngoma wetu wa siku ile, alicheka mpaka tukamfungua tai. Sehemu ya wimbo iliyobaki hakuna aliyeisikia. Sasa nikipita barabarani wanaume wazima wananivulia kofia. Isidore ameandika kwenye kioo cha duka lake, "Wateja wavue kofia. Amri ya Mama Philomène."

Krantz yeye hajui Kikrioli. Anauliza ni sala gani ile ya ajabu anayoisikia, na kama ni ya kale. Anataka kuiweka. Lakini wanasheria wao wanasema sauti ya marehemu haitolewi bila ridhaa ya watoto wake wote. Tumebaki wawili. Mmoja akikataa, wanaifuta kwa ile mashine yao na kimya kinarudi kuwa kimya.

Mimi nitakataa. Nakuarifu tu, kwa heshima.

Mdogo wako,
Numa

Kofia ya kijivu niliigawa zamani.

*

Los Angeles, 8 Aprili 1989

Numa,

Wote wazima. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na bahasha nimeiacha kwenye majani.

Unaniambia kuna sauti ya Mama. Unaniambia kama mtu anayesema kuna panya darini.

Maji ya kimbunga cha mwaka 65 yalipoingia kwenye Wadi ya Tisa yalichukua picha, yalichukua shela yake, yalichukua ile mashine ya kurekodi uliyomnunulia Noeli aliyoigeuza kabati la vitunguu. Miaka miwili baadaye naye akaondoka. Maneno yake ninayo yote, Numa. Nayasema kila siku, Yvette amechoka nayo. Lakini sauti yake siipati. Nikiitafuta inakuja yangu.

Usitie sahihi chochote. Nitumie hiyo kaseti. Itume haraka, usiwe na ile tabia yako.

Elodie

*

New Orleans, 29 Mei 1989

Dada yangu mpendwa Elodie,

Shikamoo, shikamoo tena, na salamu kwa Yvette, kwa Gerald, kwa majirani, na kwa paroko wenu anayemeza maneno.

Nyanya zimeanza kuiva. Mwaka huu ni kubwa, na moja ina sura ya mjomba Théophile, nimemwonyesha kila mtu. Paa la jikoni linavuja kwa upande wa pili sasa, kwa hiyo ndoo nimeihamisha. Paka wa jirani Bi Célestine amezaa kwenye sanduku la tarumbeta yangu ya akiba na sina moyo wa kuwatoa. Joto limeanza. Honoré anasema litakuwa kali kuliko la mwaka jana, lakini Honoré husema hivyo kila mwaka.

Kuhusu kaseti, kulikuwa na shughuli za hapa na pale. Posta nayo unaijua. Krantz amekubali kungoja mpaka mwisho wa Agosti.

Dada, nataka unielewe. Si mimi niliyeanza kusema kimya kile ni sala. Walisema wao. Mimi niliitikia kwa kichwa tu, na mtu akiitikia kwa kichwa miaka thelathini, shingo inazoea. Na si profesa peke yake. Kuna mjane mmoja Baton Rouge, Bi Hortense Landry. Mumewe alipofariki aliomba ile santuri ipigwe kanisani, na pale kwenye kimya akamuaga mumewe. Aliniandikia. Alisema bila kimya kile asingeweza kutoka kanisani kwa miguu yake. Sasa nimwambie nini mama wa watu? Kwamba alimuaga mumewe wakati mimi navua kofia?

Mtu ana kitu kimoja cha kuacha duniani. Wengine wana nyumba. Mimi nina kimya. Nacho kimegeuka kichekesho cha kinyozi.

Nyanya nitakutumia mbegu.

Mdogo wako,
Numa

*

Los Angeles, 5 Juni 1989

Numa mdogo wangu,

Salamu. Mbegu za nyanya sihitaji. Nimesoma habari za nyanya, paa, ndoo, paka na joto la Honoré, na katikati ya vyote hivyo sikuona kaseti.

Mimi nilikaa kimya kwa heshima yako miaka yote hii, lakini sasa nitakuambia nilichokiona, kwa sababu wewe ulikuwa umefumba macho. Ulikuwa umesimama na kofia imekufunika nyusi, kama walivyokuwa wakifanya vijana wa New York kwenye majarida, mbele ya kalenda ya Bikira Maria ya duka la majeneza, huku mkewe Prosper akiishi juu ghorofani na nguo zake zimeanikwa dirishani. Ile ilikuwa nyumba ya watu. Mama akasimama mlangoni na sufuria. Yule fundi wa mashine angeweza kukatisha kila kitu, swichi ya taa nyekundu ya kusimamisha ilikuwa mkononi mwake, ila nilikuwa nimekwisha kumpa sahani na mdomo wake umejaa. Akabaki anatafuna na mashine inazunguka. Hamkurudia wimbo kwa sababu mlikula, na hakuna mtu aliyewahi kupuliza tarumbeta na maharage ya Mama tumboni.

Unaona aibu ya nini hasa? Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wewe ulifunzwa na mamako mbele ya ulimwengu, na mashine ikirekodi. Ulikuwa na miaka thelathini na moja, jina lako liko kwenye magazeti, uko katikati ya wimbo bora wa maisha yako, na Mama aliposema vua ulivua. Mimi nisingetaka ndugu wa namna nyingine.

Kuhusu Bi Hortense, muulize mwenyewe. Usijifiche nyuma ya gauni la mjane.

Yvette anataka kunipeleka kwa daktari fulani. Sina ugonjwa wowote. Ni kwamba siku hizi watu wameacha kufungua midomo wanapozungumza.

Sitaandika tena mpaka kaseti ifike.

Elodie

*

New Orleans, 10 Julai 1989

Dada,

Shikamoo. Hii ni ya tatu kukuandikia, mbili nilizichana. Umenyamaza mwezi mzima. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ndiye fundi wa kimya, lakini chako kimenishinda.

Nyanya ya mjomba Théophile imeoza.

Numa

*

New Orleans, 14 Agosti 1989

Dada yangu Elodie,

Shikamoo. Niko mzima. Leo sina habari za bustani.

Jumamosi iliyopita ilikuwa sikukuu ya chama. Tulitembea mtaa kwa mtaa na miavuli, tukala ukumbini, na pale kwenye meza ya saladi akanijia mama mmoja mnene, kavaa zambarau, ana fimbo. Akasema, "Wewe ndiye Numa wa kofia?" Nikajua Isidore amefika mpaka Baton Rouge. Ulimi wake hauhitaji basi.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia siku tukikutana, tena maneno mazuri. Yote yalinitoka. Nikasema tu, "Bi Hortense, nisamehe. Nilikuwa navua kofia."

Akanitazama. Kisha akatafuta kiti, akakaa, nikadhani anazimia. Dada, mama yule alikuwa anacheka. Akasema, "Marehemu wangu Aristide hakuvua kofia ndani ya nyumba hata siku moja. Miaka arobaini nimepiga kelele. Nimemzika nayo, maana hata maiti aligoma." Akajifuta macho kwa leso. "Kumbe siku ile kanisani kuna mtu alikuwa anamwambia. Nilijua kuna jambo linaendelea pale."

Akataka kuisikia kwa masikio yake. Nikamwambia kaseti iko nyumbani, akasema basi twende nyumbani. Tukaenda, yeye, mimi na Honoré wa kumsindikiza, tukakaa jikoni chini ya paa linalovuja.

Sasa nikuambie ambalo sikukuambia. Tangu siku ile ya ukumbini mimi sikuisikiliza tena. Nilikuambia shughuli, nikakuambia posta. Hakukuwa na shughuli. Kaseti ilikuwa kwenye droo ya vijiko, na nilianza kukoroga kahawa kwa uma ili nisiifungue. Si kicheko cha watu nilichokiogopa, Dada. Nilimwogopa Mama. Miaka ishirini na mbili sijamsikia, na akaingia ukumbini bila kubisha hodi.

Tukasikiliza. Tarumbeta ikakatika. "Numa! Kofia ndani ya nyumba ya watu?" Kofia ikavuliwa, ikawekwa juu ya piano. Bi Hortense akapiga paja. Honoré akataka kuanza kucheka kwake, yule mama akamwekea fimbo kifuani akasema, "Nyamaza, bado anasema."

Na kweli bado alikuwa anasema. Ukumbini kicheko kilimfunika. Baada ya kofia anakaa kidogo, nadhani ananitazama nywele. Kisha anasema, polepole, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia akikufunga kitambaa kabla ya kwenda shule:

"Haya. Sasa piga, mwanangu."

Na papo hapo tarumbeta inaingia. Ile sauti, Dada. Ile waliyoisifu wote. Sikumbuki kuisikia siku ile. Lakini lazima niliisikia, kwa sababu nimeingia juu ya neno lake la mwisho kabisa, hakuna hata nafasi ya kupitisha karatasi.

Nililia, sifichi. Honoré alilia pia, ila yeye anasema ni vitunguu.

Sahihi nimetia. Karatasi yenyewe iko ndani ya bahasha hii, weka yako chini ya yangu uitume kwa Krantz. Kaseti pia nimeiweka. Na nimemtumia maneno mapya ya jaladani. Hapa nakuandikia uyasahihishe, ingawa tayari yamekwenda:

"Mama aliniambia nivue kofia, nikavua. Akaniambia nipige, nikapiga."

Jambo la mwisho. Dada, redio, paroko, simu na watu wote wa Los Angeles hawawezi kuharibika kwa mpigo mmoja. Mimi nimesimama mbele ya ngoma za Honoré maisha yangu yote, najua masikio yanavyoaga. Nenda na Yvette kwa yule daktari. Kwa ajili ya kaseti hii, nenda.

Mdogo wako,
Numa

*

Los Angeles, 17 Oktoba 1989

Numa mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kusubiri. Najua ulidhani nimekasirika. Sahihi niliituma siku ile ile. Kaseti niliiweka juu ya friji na sikuigusa.

Ulisema kweli kuhusu masikio na sitalirudia hilo, kwa hiyo lihifadhi. Daktari ni kijana mwenye ndevu tatu. Alisema wanaweza kunitengenezea kifaa lakini kitachukua wiki kadhaa. Nikaamua kungoja. Yvette alisema, "Mama, sikiliza tu, tutaongeza sauti." Nikakataa. Sikutaka kumsikia Mama nusu.

Kifaa kimekuja. Kinawasha, na nimegundua kwamba Gerald hutafuna kwa sauti na kwamba jokofu letu linaimba. Redio ilikuwa nzima. Paroko hamezi maneno, ila sasa nikiyasikia naona alifanya vizuri kuyameza.

Jana ilikuwa Jumatatu. Santuri yenyewe mpya ilikuwa imefika, ile ndogo ya kung'aa, na Gerald alikuwa amenunua mashine yake bila kuambiwa, kwa hiyo namsamehe mengi. Nilipika maharage. Tukakaa mezani watatu, Yvette, mimi, na Gerald na kofia yake ya besiboli kichwani kama kawaida. Sikumwambia kitu. Mchana ule sikuwa na nguvu ya kugombana.

Yvette akaweka wimbo. Nikasikia besi. Nikasikia Honoré kijana. Nikakusikia wewe, unaringa. Kisha ukakatika.

Numa, ni yeye. Si mimi ninayejifanya yeye. Ni yeye, na mafua yake ya Jumatatu kwa sababu ya mvuke wa kufua.

Nilikuwa nimefumba macho. Nilipoyafumbua, kwanza nilimwona Yvette ameshika mdomo. Kisha nikamtazama Gerald. Wewe unajua Gerald ni wa Texas, Kikrioli hajui hata cha kuombea maji, na hakuna mtu aliyekuwa amemweleza habari hii tangu mwanzo, maana tuliona haya. Alikuwa amekaa wima kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Kofia yake ilikuwa juu ya meza, kando ya sahani. Amevua mwenyewe. Nywele zimemlala upande mmoja, masikini, sikujua ana upara.

Nikamuuliza, "Gerald, nani kakuambia uvue?"

Akatazama kofia, akatazama mashine. Akasema, "Yule mama."

Miaka kumi na moja nimesema, Numa. Mama kasema mara moja tu, na amekwisha kufa.

Maneno yako ya jaladani nimeyasoma na kalamu nyekundu mkononi. Nimeirudisha kwenye kikombe.

Siku ya Watakatifu Wote ukienda kupaka chokaa kaburi lake, paka na upande wa nyuma, usifanye kivivu kama kawaida yako. Umwambie nimemsikia yote. Na umwambie habari za Gerald, atafurahi.

Najua kichwa chako sasa hakina nywele na jua la Novemba huko bado kali. Vumilia, usivae kitu kichwani.

Dada yako,
Elodie